Hukutaja Jina, Lakini Umemtaja

Katika gombolola ya Nyakiyumbu, kusini mwa Bwera, nesi akishatoka kazini hana pa kujificha. Chumba anachopanga kiko kwenye senta, jirani na duka la mgonjwa aliyemhudumia asubuhi. Bombani anapanga mtungi nyuma ya mama aliyempima mimba juzi. Ijumaa anakwenda soko la Mpondwe na kukutana na nusu ya foleni ya Alhamisi. Jumapili wanakaa wote benchi moja kanisani. Ndiyo maana siri ya mgonjwa huku haivuji sana ndani ya wodi. Huvuja jioni, sare ikishavuliwa.

Na mara nyingi haivujishwi kwa ubaya. Wahudumu wengi ninaowafahamu katika wilaya ya Kasese wangekasirika ukiwaita wambeya. Wamefundishwa chuoni kwamba jina la mgonjwa halitajwi, na kweli hawalitaji. Wanasimulia tu. Tuseme nesi amekaa na wenzake jioni, akasema: “Leo tumempokea mama mmoja wa upande wa Kayanzi, mimba ya tano, mume wake anaendesha lori, damu imekutwa na virusi, amelia mpaka na mimi nikalia.” Jina halimo. Lakini katika kijiji cha wavuvi pale ziwani Edward, wake wa madereva wa lori wenye mimba ya tano ni wangapi? Waliomsikiliza hawakuhitaji hata kuuliza.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Wakonzo hupewa majina kwa zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Kijana wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, na zamu inaendelea hivyo. Simama kwenye uwanja wa kituo cha afya uite “Masika!” uone watainuka wangapi. Jina peke yake huku halimfichui mtu, bali linamchanganya na wenzake na kumsitiri. Kinachomfichua ni yale mengine: kijiji chake, mume wake, idadi ya watoto, siku aliyokuja, dawa aliyoondoka nayo. Kwa hiyo mhudumu anayejisifu kwamba hakutaja jina amebana lile lisilo na madhara na kuachia yote yenye madhara.

Tatizo hilo hilo lipo hata mchana, dirishani. Karani akiita Masika wakainuka watatu, hulazimika kuongeza neno: Masika wa kijiji fulani, mke wa fulani. Akichoka, huongeza “yule wa vidonge.” Foleni nzima imesikia. Dawa ya kosa hili ni kipande cha karatasi chenye namba, na sioni kituo kinachoweza kusema hakina uwezo wa karatasi.

Kuna pia buku. Msomaji wa Uganda analijua: ukienda kituo cha serikali unabeba daftari la shule, la kurasa chache, na humo ndimo daktari anapoandika ugonjwa wako na dawa zako. Daftari hilo linarudi nyumbani kwenye mfuko wa plastiki, linawekwa juu ya meza, na mtoto anaweza kulichora. Kwenye kadi za wajawazito huandikwa vifupisho badala ya maneno, TR kwa mama ambaye hakukutwa na virusi vya UKIMWI na TRR kwa aliyekutwa navyo. Ilikusudiwa kuwa sitara. Lakini vifupisho vimetumika miaka mingi, na wakwe wameshajifunza kuvisoma. Ikiwa karatasi iliyobuniwa kuficha siri haifichi tena, ulimi wa mhudumu ndio ngome iliyobaki.

Wagonjwa wanajua hatari hii kuliko sisi. Ndiyo sababu mtu wa Nyakiyumbu huweza kupita kituo kilicho hatua chache kutoka kwake, akalipa bodaboda, akaenda kuchukua dawa za kufubaza virusi mahali asikojulikana. Nauli hiyo ni kodi anayolipa kwa sababu ya midomo yetu, na mwezi anaokosa nauli ndio mwezi anaokosa dawa. Wengine hubandua karatasi ya kopo la dawa, kisha hujaza pamba ndani ili vidonge visichezecheze njiani. Ukishaona kopo lililojazwa pamba, huwezi tena kusema kwamba maneno ya jioni ni ya kupitisha muda tu.

Njia mojawapo ya kuvujisha inaniuma zaidi, kwa kuwa huonekana njema. Ni ile ya maombi. “Ndugu zangu, tumkumbuke dada yetu mmoja wa kwaya, daktari amempa habari nzito wiki hii.” Anayesema ni mhudumu, na anayetajwa yuko safu ya tatu. Halafu kuna vikundi vya akiba na mikopo, ambavyo huku karibu kila mtu yumo katika kimojawapo. Nesi naye ni mwanachama, na siku mwenzake anapoomba mkopo wa kulima pamba au kahawa, sura tu ya nesi inaweza kuwaambia wengine kwamba mwombaji hana afya ya kulipa. Hakusema neno, lakini mkopo umenyimwa.

Je, siri ni siri hata wakati wa hatari? Kasese imeshajibu swali hili kwa machungu. Juni 2019 familia iliyotoka upande wa Kongo, walikofiwa na mzee wao, ilivuka mpaka. Mtoto wa miaka 5 akapelekwa Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kitengo cha Ebola katika Hospitali ya Bwera. Tarehe 11 Juni Wizara ya Afya ikatangaza kwamba Ebola imeingia Uganda. Mtoto akafa, akafuata bibi yake, na mdogo wake naye hakupona. Agosti mwaka huohuo binti wa miaka 9 alitambuliwa na wapimaji pale mpakani Mpondwe, akafia Bwera. Serikali ilitangaza umri, mahali na hospitali, na ilifanya sawa. Waliomgusa mgonjwa ilibidi watafutwe, wachanjwe, waangaliwe siku 21.

Hapo ndipo mimi hupata kipimo changu. Anayepewa habari ana kazi gani nayo? Afisa wa ufuatiliaji anayo kazi: ataitumia kumtafuta aliye hatarini. Daktari wa Kagando anayempokea mgonjwa wa rufaa anayo kazi. Mahakama ikiagiza, inayo kazi. Polisi akiarifiwa kwamba mtoto amebakwa, anayo kazi. Rafiki wa jioni hana kazi yoyote na habari hiyo isipokuwa kuipeleka mbele, na wakati wa Ebola habari za namna hiyo zilikuwa na madhara ya wazi. Anayeogopa kutajwa anaficha homa yake, analala nyumbani, na ndugu zake wanamwosha kwa mikono mitupu.

Sheria zipo. Katiba ya 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu. Mkataba wa Wagonjwa wa 2009 unaahidi usiri. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data za pekee, na anayezifichua kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 10. Majirani nao wamepita njia hiyo. Nchini Kenya, mwaka 2015, rais aliagiza yakusanywe majina ya wanafunzi wanaoishi na VVU. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba agizo hilo lilivunja katiba. Serikali nzima ilikatazwa kuwa na orodha ya namna ile. Mhudumu mmoja anayo kichwani, na hakuna hakimu anayeweza kuingia humo kuifunga.

Wahudumu wenyewe wameonja uchungu wa siri kuvuja. Mwaka 2014 nesi mmoja wa Kampala aliyeshtakiwa kwa kumhatarisha mtoto kwa sindano alianikwa katika magazeti na televisheni pamoja na hali yake ya VVU, kabla mahakama haijasema lolote. Alihukumiwa miaka 3 kwa uzembe, na mwisho wa mwaka Mahakama Kuu ikamwachia kwa muda aliokwisha kukaa gerezani. Hukumu ilipunguzwa. Habari za damu yake hazikurudishwa.

Lakini sitaki kumtwika nesi peke yake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 Shule ya Sekondari ya Lhubiriha iliposhambuliwa na watoto wakauawa, wahudumu wa Bwera ndio waliopokea majeruhi na miili. Wengi wa watoto wale walikuwa wa majirani zao. Mtu aliyebeba usiku kama huo tutamwambia tu “nyamaza”? Hawezi, na hapaswi. Anahitaji mahali pa kusema: nusu saa ya wenzake ndani ya kituo, mlango umefungwa, mkuu wa kituo akiwa msikilizaji na si mkaguzi. Wilaya inayotaka siri zitunzwe na isiwape wahudumu nafasi hiyo inadai kitu isichokilipia. Na nyumbani kwake nesi anaweza kusema habari zake mwenyewe: nimechoka, leo nimeona kifo, nishike mkono. Hayo ni yake. Ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata akishazikwa.

Zimebaki lawama zetu sisi tusiovaa sare. Ni sisi tunaomngoja nesi njiani na kumuuliza: “Yule mke wa fulani nimemwona kwenu jana, ana nini?” Hata kukiri kwamba alikuja ni siri. Akijibu “siruhusiwi kusema,” tunamwita mwenye maringo, na wiki inayofuata hatumsalimii. Tunamwadhibu kwa kufanya kazi yake vizuri, kisha siku yetu ikifika tunaomba atusitiri.

Kwa hiyo, msomaji wa Bwera, wa Nyakiyumbu na wa ng'ambo ya mto Lhubiriha, ombi langu ni dogo. Jioni ukikutana na nesi, muulize habari za watoto wake, za shamba, za mvua. Za wodini usimuulize.