Kiangazi hiki tembea kwanza, ndipo upande bustani

Mvua zimekata, pamba inavunwa, na simu zimeanza kuita: "Bwana shamba, nataka kulima nyanya za kiangazi, nianzie wapi?" Jibu langu siku hizi ni moja. Anza na miguu.

Hili sikulipata chuoni. Mwaka wangu wa kwanza kazini, upande wa Geita, kijana mmoja alitoka duarani na akiba yake akitaka kulima robo ekari ya nyanya. Nilifika na pikipiki, nikaona bonde lina majani mabichi, nikamwambia, "Chimba kisima hapa." Sikushuka hata kuzunguka. Mwezi wa nane kisima kikabaki tope, nyanya zikiwa saizi ya ndimu. Mzee mmoja aliyepita na ng'ombe akatuambia kwa upole, "Wanangu, hapa maji hufa kila mwaka. Mngepanda kule juu kwenye mikuyu." Ilikuwa mwendo wa dakika kumi tu. Yule kijana alirudi duarani, na hasara ile mpaka leo naihesabu kuwa yangu.

Tangu hapo, kila kiangazi natembea. Mara nyingi Jumapili alfajiri, kabla jua halijawa kali, naenda na vijana wawili watatu. Kwa kweli ni starehe. Unasikia kwale, unaokota ukwaju, kichwa kinatulia. Na bado ni kazi.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kwenye ngitili. Miti mingi ya Shinyanga ilifyekwa zamani ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba, ardhi ikabaki uchi. Mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 ukitumia utaratibu wa Wasukuma wenyewe: kufunga eneo wakati wa mvua na kulifungua kwa malisho kiangazi. Ulipoisha mwaka 2004, ngitili zilizorejeshwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Ukiingia, omba ruhusa kwa mwenye eneo au serikali ya kijiji, kisha fukua udongo chini ya miti uulinganishe na wa shambani kwako. Utaona kazi ya majani makavu.

Ukitembea, angalia haya

*Udongo.* Juu utakuta luseni, mchanga mwepesi. Ukishuka kuna itogolo, ngumu kama sakafu. Bondeni kabisa ni mbuga nyeusi, inayopasuka ikikauka. Kwa nyanya, mimi napenda luseni ya chini karibu na maji, ukiongeza samadi. Itogolo waachie wenye majaluba ya mpunga.

*Maji.* Mikuyu ni dalili nzuri, lakini waulize wazee kisima gani hakikauki mwezi wa tisa. Kisha piga hesabu. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000, na nyanya zenye matunda zinaweza kutaka lita 4,000 kwa siku. Hizo ni dumu 200 za lita 20! Kisima kisipoweza, punguza eneo.

*Sheria.* Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka uache mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa.

*Mialo.* Wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki. Ukiona mialo au lundo la marudio juu ya mkondo, usilime chini yake. Zebaki iliyoyeyuka kwenye maji huioni wala huinusi, na mboga zako zinaenda kuliwa na watoto wa watu.

Ukishapata mahali

Sia mbegu kwenye kitalu cha upana wa mita 1, funika kwa nyasi, na miche ikitimiza wiki 3 hadi 4 hamisha jioni. Nafasi ya sentimita 60 kwa 60 inakupa miche kama 2,800 kwa robo ekari. Weka samadi iliyooza kwenye kila shimo, mwagilia asubuhi au jioni, na tandaza nyasi kavu kuzunguka shina ili unyevu usipotee. Kagua majani kila siku, maana kantangaze hupenda sana joto na ukavu. Matunda yaliyotobolewa yazike, usiyatupe pembeni.

Soko lipo. Katoro na Geita mjini kuna midomo mingi, na wachimbaji wanakula kila siku, mvua au jua.

Yule kijana tulikutana tena miaka miwili baadaye. Safari hii tulitembea asubuhi nzima, yeye mbele, mimi nyuma. Alipoona mikuyu akasimama, akachoma jembe chini, akaniangalia. Sikusema kitu. Akalima vitunguu, akavuna.

Kazi njema, na vaeni viatu vizuri.