Taili Zinazong'aa na Mvua ya Alasiri

Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri, watu wakiwa madukani, benki na kwenye foleni za ofisi. Hata hivyo, taili inayopendwa mjini ni ile inayong'aa hadi mtu anajiona uso. Huchaguliwa dukani, pakavu, na pakavu haina ubaya wowote.

Ubaya huja na maji. Mguu ukikanyaga sakafu iliyolowa, maji yasiyo na pa kukimbilia hubaki kama utando kati ya soli na taili, na soli ikakosa pa kushika. Kinachoupasua utando huo ni vinundu vya sakafu yenyewe, vidogo mno kwa macho. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza huvipima kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Kwa maji matupu, vinundu vikiwa chini ya maikroni 10 hatari ya kuteleza ni kubwa. Vikizidi 20, ni ndogo. Unywele wa binadamu una unene wa takriban 70. Nyonga huvunjika kwa kipimo kidogo kuliko hicho.

Lakini sakafu za Kakamega hazilowi maji matupu. Viatu huingia na tope jekundu, kisha hupita tambara lenye sabuni. Kioevu kizito hudai vinundu virefu zaidi: kwa maji ya sabuni au maziwa, takriban maikroni 45, kwa mafuta ya kupikia, zaidi ya hapo. Tope na sabuni isiyosuuzwa vikikauka hujaza vibonde kati ya vinundu, na sakafu iliyokuwa ikikwaruza ikawa laini bila kuchakaa.

Kwenye boksi la taili huenda ukakuta alama R9. Inatokana na kipimo cha Kijerumani: mtu hutembea juu ya ubao wa taili zilizopakwa mafuta huku ukiinuliwa taratibu. R9 inasikika kama cheo. Ndiyo ngazi ya chini kabisa, ya juu ikiwa R13.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sakafu inayoloweshwa na kazi iwe na njia ya kutoa maji. Mvua inayoingia na wateja haijaajiriwa na yeyote, basi hutandikiwa boksi mlangoni, nalo likilowa huanza kuteleza lenyewe.

Fundi akimwaga mteremko wa mlangoni huupitishia ufagio kabla simenti haijashika, ukabaki na mikwaruzo. Ndani hupiga niru laini, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Sakafu ya kukwaruza ina gharama yake: hushika uchafu, na anayeisugua si aliyeichagua. Ndiyo maana si lazima nyumba nzima ikwaruze. Ukwaruzo uwekwe mlangoni, kwenye ngazi, jikoni na bafuni. Sebule na ing'ae itakavyo.