Siki, chai na mafuta ya nazi: Kinachosaidia nywele zenye dawa na kisichosaidia

Nywele zikishawekwa dawa saluni, kazi ya kuzitunza huhamia nyumbani, na mara nyingi huishia jikoni. Siki, chai ya rangi, yai, parachichi, mshubiri wa uani na mafuta ya nazi, vyote vimepata nafasi kichwani. Binti naye akiona mama anavyofanya, likizo ya Desemba ikifika anadai naye afanyiwe hivyohivyo.

Baadhi ya vitu hivyo vinasaidia kweli. Tatizo ni kwamba hupewa kazi isiyo yao, na kwa nywele zenye dawa kosa dogo la kipimo linaweza kuishia kwenye nywele kukatika au ngozi ya kichwa kuungua.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na sehemu kubwa ya nguvu yake inatokana na viungo vya salfa vinavyoishikilia protini hiyo. Relaksa huvunja viungo hivyo. Nyingi zina kiwango cha pH kati ya 12 na 14, wakati unywele wenyewe hutulia kwenye 4.5 hadi 5.5. Ukali huo huufanya uvimbe, magamba madogo yanayoufunika yakafunguka na dawa ikapenya ndani. Baada ya hapo unywele haurudi ulivyokuwa, hata upakwe nini. Kinachowezekana ni kuulinda uliobaki huku mpya ukiota, kwa wastani wa sentimita moja hivi kwa mwezi.

Siki inapata sifa yake hapo. Kwa kuwa ni asidi, huyasaidia magamba kulala, na nywele zikang'aa na kuchanika bila kuvutana. Inafaa zaidi kwa wanaooshea maji ya kisima yenye chumvi, na kwa wanaotumia relaksa zisizo na sodiamu haidroksaidi, zile ambazo mara nyingi huuzwa kama “laini” na kuwekwa picha za watoto kwenye boksi. Nyingi kati ya hizo hutumia kalsiamu haidroksaidi, ambayo huacha mabaki yanayofanya nywele ziwe kavu na zipoteze mng'ao. Siki nyepesi huyapunguza.

Nyepesi ndilo neno la kushika. Vijiko viwili vya chakula vya siki ya kawaida ya mezani kwenye lita moja ya maji vinatosha. Humiminwa baada ya shampuu, huachwa dakika moja au mbili, kisha kichwa husuuzwa kwa maji na kupakwa kondishena. Mara moja kwa wiki mbili si haba. Siki isiyochanganywa na maji huweza kuunguza ngozi, na ya mtoto ndiyo rahisi zaidi kuungua. Kichwa chenye kidonda au mikwaruzo kisubiri kwanza kipone.

Kuna jambo ambalo siki haiwezi kabisa, nalo ndilo wengi wanaojiwekea dawa nyumbani huitegemea: kuchukua nafasi ya shampuu maalumu ya kukomesha dawa siku ileile ilipowekwa. Dawa iliyobaki kwenye nywele huendelea kufanya kazi. Baadhi ya shampuu hizo zina kiashiria, povu huwa la pinki ilimradi dawa bado ipo na huwa jeupe ikiisha. Msusi mwenye haraka Jumamosi jioni anaweza kuosha mara moja na kumwita mteja anayefuata. Mteja ana haki ya kuuliza kuhusu povu.

Chai ya rangi iliyopoa husaidia kidogo, hasa kwa kuongeza weusi na kuzifanya nywele zionekane zimeshiba. Ikizidi hukakamaza, hivyo lazima kondishena ifuate. Taulo jeupe lisihusike. Yai lina protini, lakini molekuli zake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, hivyo hukaa juu tu, na anayelisuuza kwa maji ya moto hutoka bafuni na vipande vya yai lililoiva kichwani. Parachichi hulainisha kwa sababu ya mafuta yake. Lisagwe na kuchujwa, la sivyo kazi ya kuondoa vipande itakata nywele nyingi kuliko faida iliyopatikana.

Kwa mshubiri, kinachotakiwa ni ute mweupe wa katikati ya jani. Maji ya njano yanayotoka chini ya ganda huwasha, hivyo jani lisimamishwe kwanza yachuruzike. Apakwe mtu kidogo nyuma ya sikio na kusubiri hadi kesho yake kabla ya kupaka kichwa kizima. Magadi soda, ambayo baadhi husifu kwa kuondoa mba, yaachwe kabisa. Ni alkali, yaani yako upande uleule wa relaksa.

Mafuta ya nazi ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi, na wanawake wa pwani hawakuhitaji maabara kuyajua. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini. Ya nazi pekee yalipunguza protini inayopotea nywele zinapooshwa, kwa sababu asidi yake ya lauriki ni nyembamba kiasi cha kupenya ndani. Faida hiyo hupatikana hata yakipakwa kabla ya kuosha, saa chache au usiku uliotangulia, ingawa wengi huyapaka baada ya kuosha tu. Mafuta hayaongezi maji. Nywele zilizokauka hupakwa zikiwa na unyevu, si juu ya ukavu.

Lakini hakuna maji ya siki yanayoweza kushindana na kalenda. Dawa ikirudiwa baada ya wiki nane hadi kumi, nywele mpya huwa zimefika sentimita mbili hivi na msusi anaweza kuzipaka hizo tu, bila kugusa zilizokwishapakwa. Mwaka 2022, utafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 ulionyesha kuwa waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya wasiotumia. Makadirio ya hatari hadi umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05 dhidi ya 1.64. Huo ni uhusiano, bado haujathibitisha kuwa dawa ndiyo chanzo.

Kwa watoto wa kike kuna la ziada. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 2008 kuwa hatari ya nywele za pembeni kunyonyoka huwa kubwa zaidi pale zenye dawa zinaposukwa kwa kuvutwa. Ndiyo picha ya mabinti wengi wiki ya sikukuu: dawa Ijumaa, rasta za kubana Jumamosi. Zipite angalau wiki mbili katikati, na msuko ukiuma ufumuliwe siku hiyohiyo.

Mtoto akilalamika kichwa kinawaka dawa ikiwa bado ipo, asiambiwe avumilie dakika tano. Ioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, macho yakikingwa. Malengelenge au kidonda ni cha kupelekwa hospitali bila kupakwa siki, asali wala mshubiri njiani.