Baiskeli Zapita Kikuyu, Pesa Hazishuki

Mwendesha baiskeli anayetoka Westlands au Lavington Jumamosi asubuhi amekwisha kutumia pesa zake nyingi kabla hajakanyaga pedali. Baiskeli, helmeti, taa na matengenezo, vyote amelipia madukani huko huko jijini. Akifika mji wa Kikuyu, kama kilomita 20 magharibi mwa Nairobi, anakunywa chai ya maziwa kwa mandazi, analipa kwa M-Pesa, kisha huyo, anageuza.

Kikuyu ina cha kuuza tele. Reli ilipita hapa ikipanda kuelekea Limuru baada ya kufika Nairobi mwaka 1899. Pale Thogoto, Kanisa la Scotland lilijenga misheni ambako Jomo Kenyatta alisomea, na jirani yake ndipo ilipofunguliwa shule ya Alliance mwaka 1926, iliyolea mawaziri na majaji wasiohesabika. Mtu wa baiskeli anaweza kuvizungukia vyote asubuhi moja, bila haraka.

Kisha kuna kijiji cha Mai-a-Ihii, hapo hapo Kikuyu. Kwa wapenzi wa mbio za baiskeli, jina hilo lina uzito zaidi kuliko Thogoto. Hapo ndipo David Kinjah alipowafunza vijana wa kundi la Safari Simbaz, akiwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Miji mingine ingekuwa imejenga hoteli juu ya sifa kama hiyo. Sisi bado tunauza mandazi.

Linganisha na msitu wa Karura, jijini Nairobi. Huko kuna lango, kuna ada, kuna baiskeli za kukodisha. Mgeni hulipa kabla hajaona mti wa kwanza. Kikuyu haina lango, wala haiwezi kuweka. Wanaokuja kwa Southern Bypass, ule mwendo wa karibu kilomita 30 kutoka Barabara ya Mombasa hadi Gitaru, wanapita huku malori yakiwapulizia moshi, na akili zao ziko kwenye kufika salama. Nani atasimama kutazama kanisa la kale wakati hajui baiskeli ya bei ya pikipiki ataifunga wapi?

Anayenufaika leo ni fundi wa kando ya barabara, naye riziki yake kubwa hutoka kwa baiskeli za kubebea maziwa na nyasi za ng'ombe. Tyubu nyembamba za mbio hana, maana wateja wake wa kila siku hawazitumii.

Kwa maoni yangu, kusubiri kaunti ya Kiambu ijenge njia maalumu ni kujichelewesha. Vijana wanaoendesha baiskeli hapa wanazijua njia za ndani zinazokwepa malori. Kinachoweza kuuzwa ni nusu siku: kiongozi, maegesho yenye mlinzi, tyubu ya akiba, chakula cha mchana na maelezo ya Thogoto, vyote kwa bei moja. Mtaji wa kuanzia ni mdogo. Kazi ni kumpata mtu wa kupokea simu za wateja Ijumaa jioni.