Gari la Umeme Mlimani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Magari ya umeme si mageni tena mkoani Arusha. Tangu mwaka 2018 yapo magari ya safari yanayotumia umeme katika hifadhi za kaskazini, na siku hizi wapo wakazi wanaofikiria kuagiza gari dogo la umeme lililotumika nchini Japani ili kuepuka gharama za mafuta. Hata hivyo, mkazi wa Ngarenanyuki, Leguruki au Nkoaranga hahitaji kujua tu gari hilo linavyokwenda kwenye lami tambarare. Anahitaji kujua litafanya nini usiku wa masika, mgonjwa anapopaswa kufikishwa Hospitali ya Wilaya iliyopo Tengeru. Makala hii inaeleza mipaka ya magari hayo katika mazingira ya Mlima Meru, na namna ya kuipima kabla ya kutoa fedha.

Mwinuko na mzigo

Gari la umeme lina faida moja kubwa mlimani. Injini ya petroli isiyo na tabo hupungukiwa na takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa huwa nyepesi. Mota ya umeme haihitaji hewa ya kuunguzia mafuta, hivyo nguvu yake haipungui kwa sababu hiyo.

Ugumu upo kwenye akiba ya betri. Gari lenye uzito wa tani 2 pamoja na abiria hutumia takriban uniti 3 za ziada kwa kila mita 500 linazopanda. Kiasi hicho kingetosha kwenda kilomita 15 hadi 20 kwenye lami tambarare. Mji wa Usa River upo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ilhali baadhi ya makazi yaliyo karibu na msitu yamevuka mita 1,600. Magunia ya viazi na abiria wa ziada huongeza matumizi hayo.

Wakati wa kuteremka, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Lakini betri iliyojaa kabisa haiwezi kupokea chochote, na hapo kazi yote ya kupunguza mwendo huangukia breki za kawaida. Kwa hiyo, anayeishi juu mlimani na kuchaji nyumbani anashauriwa kuacha nafasi kidogo kwenye betri kabla ya kuteremka.

Joto, baridi na umri wa betri

Baridi ya Arusha haitishi betri. Katika nchi zenye theluji kama Norway, umbali wa safari hupungua sana majira ya baridi, na Januari 2024 wenye magari ya umeme mjini Chicago walikwama vituoni kwa sababu betri zilizopoa hazikupokea chaji haraka. Usiku wa Julai hapa kwetu haufikii hali hiyo.

Kinachostahili kuogopwa zaidi ni joto la muda mrefu, hasa kwa wanaofanya kazi katika nyanda za chini. Nissan Leaf za awali, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010, hazina mfumo wa maji wa kupooza betri, na katika jimbo lenye joto la Arizona, Marekani, betri zake zilichakaa mapema. Betri yake ya kwanza ilikuwa ya uniti 24. Gari hilo likiwa jipya lilikadiriwa nchini Marekani kwenda kilomita 117. Baada ya miaka kumi na zaidi, umbali huo hauwezi kutarajiwa tena. Mnunuzi apime afya ya betri kabla ya kutazama rangi na viti.

Tope, mawe na maji

Betri nyingi hukaa chini ya sakafu ya gari. Barabara zenye mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua zinaweza kuigonga na kuipasua kasha, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Magari madogo mengi ya umeme yapo chini na huendeshwa kwa magurudumu mawili tu, hivyo hayakuundwa kwa utelezi wa masika. Likikwama, lisivutwe umbali mrefu huku magurudumu yanayounganishwa na mota yakizunguka, kwani mota inaweza kuharibika. Linapaswa kubebwa juu ya lori.

Kasha la betri huzibwa dhidi ya maji, lakini kuzibwa huko hakulifanyi gari kuwa mtumbwi. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo katika eneo la Engosengiu jijini Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Korongo lililojaa halichagui gari la dizeli wala la umeme. Maji yasubiriwe yapungue. Gari la umeme lililozama lisiwashwe wala kuchajiwa hadi fundi mwenye ujuzi alikague, na liegeshwe mbali na nyumba, kwa kuwa betri iliyoharibika inaweza kushika moto hata baada ya siku kadhaa. Moto ukitokea, watu wakae mbali na kupiga namba 114 ya Zimamoto.

Umeme wa kuchajia

Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kwa usalama takriban kilowati 2.3 kwa saa nyingi mfululizo. Betri ya uniti 24 iliyoisha huhitaji zaidi ya saa 10, na ya uniti 60 huhitaji zaidi ya siku nzima. Waya wa kuchajia uliotoka Japani uchunguzwe, kwa sababu baadhi umeundwa kwa volti 100 au 200, ilhali umeme wa TANESCO ni volti 230.

Gari linalokwenda kilomita 1,000 kwa mwezi hutumia takriban uniti 160. Kaya iliyo kwenye kundi la bei nafuu la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi itavuka kiwango hicho, na hesabu ya LUKU itabadilika kwa nyumba nzima. Aidha, hitilafu ya Gridi ya Taifa ya Aprili 1, 2024 ilikumbusha kuwa umeme unaweza kukatika nchini kote. Gari la dizeli hupelekewa dumu la mafuta kwa bodaboda. La umeme husubiri.

Hesabu ya mwisho

Kwa safari za kila siku kati ya Usa River, Tengeru na Arusha mjini, gari la umeme lenye betri nzima linaweza kufaa na kupunguza gharama. Kwa kata za mlimani, mambo matano yazingatiwe:

1. Umbali uliotangazwa na kiwanda ukatwe nusu wakati wa kupanga safari za kupanda na mzigo.
2. Afya ya betri ipimwe na fundi kabla ya malipo.
3. Waya za nyumba zikaguliwe na fundi umeme aliyesajiliwa.
4. Chaji isiachwe kushuka chini ya kiasi cha kufika hospitali.
5. Pale ambapo gari ni moja tu kwa ukoo mzima na barabara haipitiki masika, gari la umeme lisiwe tegemeo pekee la dharura.