Steringi Hafi: Kumfundisha Mtoto Kutoa Maoni Juu ya Picha Aliyoitazama

Miaka michache iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya darasa la tano kumsikiliza mwanachuo wetu mmoja akifundisha somo la Kiswahili. Mada ilikuwa masimulizi, naye kwa busara aliwataka watoto wasimulie picha waliyoitazama karibuni. Darasa zima lilichangamka. Wengi walikuwa wameiona filamu ya Black Panther katika kibanda cha video kilicho jirani na shule, ambamo mfasiri hutia maneno ya Kiswahili juu ya yale ya wachezaji. Mtoto mmoja wa kiume akasimama, akasema kwamba yeye alimpenda Killmonger kuliko mfalme. Mwanachuo akamkata kauli: "Hapana. Yule ndiye adui. Steringi ni T'Challa. Kaa chini." Mtoto akakaa, wala hakunyosha tena mkono hadi kengele ilipolia.

Hatulielezi tukio hili kwa kumlaumu mwanachuo yule, kwani andalio lake la somo lilikuwa safi na sauti yake ilisikika vizuri. Kosa lake ni letu sote. Twamwomba mtoto maoni yake, kisha twamnyang'anya pale yasipolingana na yetu. Katika makala haya tutaonyesha jinsi picha za mashujaa, za sinema na za vitabuni, ziwezavyo kumsaidia mwalimu kumtoa mtoto kwenye hisia na kumfikisha kwenye hoja.

Mashujaa hawa ni akina nani?

Mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu walienea kwanza kwa njia ya vitabu vya katuni huko Marekani. Superman, aliyebuniwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, alitokea mwaka 1938. Spider-Man, wa Stan Lee na Steve Ditko, alitokea mwaka 1962; na Black Panther, wa Stan Lee na Jack Kirby, mwaka 1966. Filamu tunayoizungumzia iliongozwa na Ryan Coogler na kutolewa mwaka 2018. T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda, aliigizwa na Chadwick Boseman, aliyefariki mwaka 2020. Miongoni mwa wachezaji wakuu alikuwamo Lupita Nyong'o wa Kenya.

Watoto wetu humwita mhusika mkuu "steringi", nao wana kanuni yao: steringi hafi. Kanuni hiyo huwapa raha, lakini pia hulaza akili. Ajuaye tangu mwanzo ni nani atakayeshinda, aghalabu hajishughulishi kuuliza ni nani mwenye haki. Kazi ya mwalimu ni kuliamsha swali hilo la pili.

Hebu tukitazame kisa chenyewe. Mfalme T'Chaka anamwua ndugu yake mwenyewe mjini Oakland, Marekani, kisha anarudi Wakanda na kumwacha mtoto wa marehemu. Mtoto huyo ndiye Killmonger. Anapokuwa mtu mzima anakuja kudai kiti cha enzi, na njia yake ni ya mauaji. Hata hivyo T'Challa anapoijua siri hiyo, anamlaumu baba yake kwa kumtelekeza mtoto. Na mwisho wa picha anaifungua nchi yake kwa ulimwengu na kuanzisha kituo cha misaada mjini Oakland. Yaani steringi mwenyewe alikubali sehemu ya madai ya adui yake. Yule mtoto wa darasa la tano alikuwa ameitazama picha kwa makini kuliko mwalimu wake.

Hatua za somo

Somo la namna hii laweza kupangwa katika vipindi viwili, kwa hatua zifuatazo:

(a) Kusimulia. Watoto wataje matukio kwa mfuatano, na mwalimu aandike ubaoni manne au matano yaliyo makuu. Hatua hii ni ya lazima, kwa kuwa wapo watoto ambao hawakuiona picha, na hao wasiachwe nje ya somo kwa sababu tu wazazi wao hawakuwa na fedha ya kiingilio.

(b) Kueleza hisia. Kila mtoto aseme sentensi moja: nilifurahi, nilihuzunika, niliogopa au nilikasirika, na ataje ni wakati gani. Mwalimu asikosoe wala asisifu. Hisia haina jibu sahihi.

(c) Kutafuta sababu. Hapa swali la "Kwa nini?" peke yake halifai sana, maana mtoto huliona kama shitaka. Ni afadhali kuuliza: "Ni kitu gani ulichokiona au kukisikia kilichokufanya useme hivyo?" Swali hili humrudisha mtoto kwenye picha yenyewe, atafute ushahidi.

(d) Kushindanisha maoni. Anayepinga aanze kwa kuyarudia maoni ya mwenzake kwa usahihi, ndipo atoe yake. Sharti hili dogo hupunguza kelele, na huwazoesha watoto kusikilizana.

(e) Kuandika. Watoto waandike sentensi tatu wakitumia viunganishi "kwa sababu", "lakini" na "ingawa". Kwa mfano: "Ingawa Killmonger alidhulumiwa utotoni, hakuwa na haki ya kuwaua watu wasiomkosea." Atakayeweza kuitunga sentensi kama hiyo ameshika mambo mawili yanayovutana bila kuliangusha hata moja.

Shule isiyo na vyombo

Mwanachuo atauliza: je, shule isiyo na umeme ifanyeje? Jibu letu ni kwamba katuni haihitaji mtambo. Chukua karatasi ya manila, uchore visanduku vinne kwa mistari myepesi. Tuchukue kisa cha kwanza cha Spider-Man. Peter Parker amepata nguvu za ajabu. Mwizi anapita mbele yake akikimbia, naye hajali kumzuia. Baadaye mjomba wake anauawa. Anapomkamata muuaji, anamtambua kuwa ni yule mwizi aliyemwachia. Funika kisanduku cha mwisho, uwaulize watoto wanadhani muuaji ni nani. Kisha kifunue, uulize: je, Peter ana kosa? Tumeona darasa likigawanyika pande mbili kwa swali hilo moja, na watoto wanyamavu wakiomba nafasi ya kusema.

Mambo ya kujihadhari nayo

Kwanza, filamu hizi zina mapigano mengi. Huko Marekani Black Panther iliwekwa katika daraja la kuwatahadharisha wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13. Kwa hiyo tusiwatume watoto kwenda kuitazama. Tuyatumie yale ambayo tayari wameyaona. Pili, tusiharakishe kuuliza "funzo" la hadithi, kwani mtoto atatupa jibu analojua tunalitaka. Tatu, mwalimu naye ana hisia zake, lakini azitaje mwisho. Sisi wenyewe tulifurahi kuisikia lugha ya Kixhosa ikizungumzwa na wafalme katika sinema kubwa namna ile. Wakati huo huo tulisumbuka kuona kwamba nchi inayosifiwa kwa maendeleo kuliko zote humpata mtawala wake kwa ngumi na mkuki kando ya maporomoko ya maji. Tungeyatamka hayo mwanzoni mwa kipindi, darasa zima lingeyarudia kama kasuku.

Hitimisho

Juma lililofuata tulimshauri mwanachuo wetu arudie somo lile kwa hatua tulizozitaja. Alipofika hatua ya (c), alimwendea yule mtoto na kumwuliza alichokiona katika picha hata akampenda Killmonger. Mtoto alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Walimwacha pale peke yake, mwalimu. Sasa angekwenda wapi?" Msichana mmoja akanyosha mkono. Akayarudia maneno yale kwanza, kama sharti lilivyotaka, ndipo akasema kwamba hata aliyeachwa asiwaachishe wengine wazazi wao. Mwanachuo hakusema neno. Aliziandika sentensi zote mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, na watoto wakaanza kuandika.