Leseni ya baa: Pingamizi huandikwa, halipigiwi kelele

MTU anapotaka kufungua baa mjini Busia au Malaba, jirani zake aghalabu hupata habari siku ile spika zinaposhushwa kutoka garini. Hapo ndipo malalamiko huanza. Mwalimu mkuu hulalamika, mchungaji hulalamika, wazee wa mtaa hukimbilia kwa chifu. Mwenye baa naye huonyesha karatasi yenye muhuri, na ujirani huvunjika. Ilhali sheria iliwapa wote nafasi ya kusikizwa kabla ya karatasi hiyo kutolewa.

Sheria yenyewe ni ile ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kwa kuwa mswada wake uliwasilishwa bungeni na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Ilianza kutumika Novemba 22, 2010, na utoaji leseni ukakabidhiwa kamati za wilaya. Lakini Katiba iliyozinduliwa Agosti mwaka huo huo ilikuwa imeamua kwamba leseni za pombe ni jukumu la kaunti, na baada ya uchaguzi wa 2013 kazi hiyo ikahamia huko. Hivyo basi mwombaji wa Malaba, sawa na yule wa ufuo wa Osieko kwenye Ziwa Victoria, hana tena haja ya kumtafuta Mkuu wa Wilaya. Ada na fomu hutofautiana kati ya kaunti na kaunti. Utaratibu wa pingamizi wa 2010, hata hivyo, ndio msingi ambao kaunti nyingi zilijengea sheria zao.

Chini ya utaratibu huo, majina ya waombaji na mahali panapokusudiwa kuwa baa hutangazwa kwa ilani kabla ya kikao. Mtu yeyote anaweza kupinga. Sharti aandike kwa katibu wa kamati, na mwombaji apewe taarifa ya pingamizi hilo, mkononi au kwa posta, angalau siku saba kabla ya kusikizwa. Jukumu la kuthibitisha kwamba taarifa ilifika ni la anayepinga. Hapa ndipo pingamizi nyingi nzuri huweza kufia: wakazi hutia sahihi barua ndefu, wakaipeleka ofisini, wakasahau kumpa mhusika nakala yake. Anayepeleka nakala na achukue sahihi ya aliyeipokea.

Mwombaji naye ana mzigo mzito zaidi, ingawa wengi hawaujui. Ni yeye anayepaswa kuiridhisha kamati kwamba mtaa ule unahitaji baa nyingine. Kamati hutazama idadi ya watu na idadi ya baa zilizopo. Mpakani, swali hili lina utata wake. Sheria ya 2010 iliruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Mfanyabiashara wa Busia atasema kwamba akinyimwa leseni, mnywaji atavuka tu upande wa Uganda na pesa zake. Huenda ni kweli, lakini hiyo ni hoja ya biashara. Haijibu swali la iwapo wakazi wa upande huu wanahitaji baa ya ishirini katika barabara moja.

Upande wa pili nao una udhaifu wake. Katika eneo ambako Wateso wamekunywa ajono kwa mirija kutoka chungu kimoja tangu enzi za mababu, kusema kwamba pombe ni uovu hakutoshi. Kamati huhitaji jambo linaloweza kupimwa. La kwanza ni umbali: baa haipaswi kuwa chini ya mita 300 kutoka taasisi ya elimu ya walio chini ya miaka 18. Shule yenye mkanda wa kupimia na mchoro wa ramani ina nguvu kuliko yenye hotuba kali. Baada ya hapo huja hali ya jengo na usafi wake. Kelele nazo zina kanuni zake za mazingira za 2009, ambazo hutumika hata baada ya leseni kutolewa.

Mwombaji aliyekataliwa hawezi kurudi na ombi la aina ile ile kabla ya miezi sita, isipokuwa kamati iruhusu. Anayeomba kuongezewa muda hulindwa zaidi. Iwapo aliomba mapema na kamati haijaamua, leseni yake ya zamani huendelea kutumika hadi uamuzi utolewe, jambo ambalo askari wa doria hawalikumbuki kila mara. Upande wowote usioridhika una haki, chini ya Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki katika Utawala ya 2015, kudai sababu za uamuzi kwa maandishi. Maandishi hayo ndiyo Mahakama Kuu itakayoyasoma kwanza, endapo mzozo utafika huko.